Kura ya Kuiokoa Velmora ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Vita vimeanza. Leo Ishan ametangaza, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuza balbu, kwamba chumba cha nyuma ya duka lao la vifaa vya umeme kitabaki na mashine moja tu ya gemu. Moja! Nyingine itauzwa kwa mtu wa Keroka anayetaka kuwafurahisha watoto wake. Wanachama tupige kura Jumamosi. Tubaki na mashine ya zamani yenye Velmora ya Tatu, au hii mpya yenye Velmora ya Tano.

Mimi Onsongo, mpiga picha za pasipoti karibu na ofisi za kaunti, ndiye mwenyekiti wa Wapenzi wa Velmora, tawi la Nyamira. Hakuna tawi lingine. Si kosa langu. Velmora si gemu ya kupiga mpira ukarudi nyumbani. Unakuwa mtu ndani yake. Unaanza bila hata viatu, unazurura, unapigana, unakua. Mtu wangu wa Velmora ya Tatu nimemlea miaka kumi na moja. Amefika daraja la mwisho. Joka ambalo hajaliua halijazaliwa. Yumo ndani ya ile mashine kuukuu na hahamishiki. Mashine ikienda Keroka, anakwenda nayo, na watoto wa watu watamfuta ili wapate nafasi ya mambo yao.

Hilo halitafanyika nikiwa hai.

Nimepima hali. Tuko saba. Upande wangu mimi, Ondieki na Nyangate, walimu wote wawili, watu wa msimamo. Upande wa pili Istarlin na kaka zake wawili, wa duka la mapazia. Huyo Istarlin nilimfundisha Velmora mimi mwenyewe, kwenye benchi lile lile! Leo ndiye kiongozi wa Tano. Katikati yuko Masese, mwendesha boda boda wa Keumbu, ambaye sijawahi kumsikia akiwa na msimamo juu ya jambo lolote. Kesho naanza naye.

(Velmora ya Nne hatuizungumzii. Hapo pande zote mbili tunakubaliana.)

Jumanne, 5 Agosti

Nimefunga studio, nikaenda Keumbu. Nikamwagizia Masese ugali, kuku wa kienyeji na mboga za chinsaga, bakuli la maziwa lala pembeni. Nikamfundisha huku anakula. Katika ya Tatu, nikamwambia, watu hupigana kwa zamu. Unapiga, unasimama. Adui anapiga, anasimama. Kuna utu hapo. Katika ya Tano kila mtu anapiga wakati mmoja, utadhani soko limeshika moto. Masese akameza, akasema kweli kabisa.

Halafu akaharibu. Akasema hata hivyo mvua ya Tano ni mvua ya haki, matope unayaona kwenye miguu. Hadithi yake ndiyo nyepesi, kama chai ya rangi isiyo na sukari. Lakini farasi! Farasi ni mzuri. Nikamwomba aache mambo ya farasi. Akaacha. Akafuta bakuli kwa tonge la mwisho, akaniambia: Mwenyekiti, niko na wewe mia kwa mia.

Nimerudi Nyamira nikipiga mluzi.

Baadaye: balaa. Istarlin alimpelekea Masese sambusa pale kwenye stendi ya boda boda. Sambusa za nyama! Nimempigia simu. Hakuona haya hata kidogo. Alikiri kwamba na Istarlin pia yuko naye mia kwa mia, na kwamba vyakula vya pande zote vilikuwa vitamu. Nimemwelewa sasa. Masese yuko na aliyemlisha mwisho. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi lazima niwe mimi wa mwisho. Tatizo ni kwamba Istarlin naye ana akili.

Jumatano, 6 Agosti

Mbinu mpya: ushahidi. Nimekwenda dukani wakati ambapo najua wanachama wote wako kazini, ili niicheze Tano mwenyewe na kuyajua maovu yake kutoka ndani. Mama Prabha, mama yake Ishan, alikuwa kwenye kaunta. Yule mama ndiye duka lenyewe, Ishan ni mikono tu. Nikamweleza nafanya uchunguzi. Akasema sawa, fundi wa picha, lakini hiyo pedi ya kuchezea, inayotumika kwa mashine zote mbili, ina kitufe kilicholegea, usikibonyeze sana.

Maovu niliyoyapata ni mengi. Nimeuawa na bata. Si joka, si jitu, bata! Alikuwa ananijia kwa moyo mkunjufu, nikadhani anataka chakula. Kuna mwenzako wa safari anayeitwa Brannik ambaye hanyamazi: ukikanyaga jiwe anasema jiwe, ukipita mto anasema mto. Adui mkuu naye siku hizi ana huzuni zake za utotoni tunazotakiwa tumwonee huruma. Mji wa Harumel, ambao mimi kwa mikono hii niliukomboa katika ya Tatu, sasa ni magofu. Mbuzi wanalala kwenye kiti cha mfalme. Nilisimama pale nikasikia uchungu wa kweli. Hakuna hata kibao kinachosema ni nani aliyeukomboa.

Nikapanda kilima ili niyaone maovu zaidi. Kufika juu, jua likachomoza. Bonde lote likafunguka, ukungu ukiwa bado umekaa chini kama unavyokaa chini ya ukingo wa Manga asubuhi, na ule muziki wa ya Tatu ukaanza kupigwa, ule ule, ila polepole, kwa filimbi moja tu. Nilikaa. Sijui nilikaa kiasi gani. Machozi yalinilengalenga, na nikakasirika sana kwa sababu hiyo.

Kisha nikalima wimbi. Unaweza kulima huko! Unaweza kujenga nyumba, kuoa, kufuga kuku. Mama Prabha alikuja kuniambia anafunga duka. Nikamwomba aniache nivune kwanza. Akauliza kama huo nao ni uchunguzi.

Nimemwomba asimwambie mtu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Nimepata! Nimeharibu picha za mteja mmoja kwa furaha, nimempiga bila masikio, itabidi arudi.

Ni hivi. Katiba ya chama, ambayo niliiandika mimi, inamruhusu mwenyekiti kuingiza mwanachama mpya siku yoyote, na mwanachama mpya ana kura. Nitamwingiza nani? Baba mkwe wangu! Mzee Manasseh wa Manga!

Akili yenyewe iko hapa. Ondieki, Nyangate na Masese wote asili yao ni ukingo ule ule wa Manga. Mzee Manasseh ni rika la baba zao, kwa hiyo ni baba yao. Na mbele ya baba kuna chinsoni: hakuna utani, hakuna kupayuka, hakuna kumbishia, na mwili unafunikwa vizuri. Sisi Abagusii tunalelewa hivyo kabla hatujajua kusema. Mzee akisema Tatu, Masese hata akiwa amelishwa ng'ombe mzima atanyoosha mkono upande wa Tatu. Kaka zake Istarlin hawawezi kumpinga mzee anayenunua mapazia dukani kwao tangu siku za baba yao. Istarlin mwenyewe anazungumza Ekegusii vizuri kuliko mimi na adabu yake haina doa. Itakuwa kura ya wote kwa pamoja.

Na Mzee hapendi kitu kipya chochote. Simu yake bado ni ile ya vitufe. Mashine ya kuchuma chai aliifukuza shambani kwa fimbo. Ukimwonyesha kitu cha zamani na kipya, atachagua cha zamani kabla hujamaliza kusema.

Bila shaka mimi siwezi kumwendea mkwe wangu na kumwambia njoo tucheze gemu. Hayo si maneno ya mkwe. Nimemtuma mke wangu Nyanchera. Amenisikiliza mpaka mwisho, akaweka mwiko chini, akaniuliza kama nimefikiria vizuri baba yake ataona nini humo ndani. Nikamjibu nitafagia chumba mwenyewe. Akanitazama kama anataka kusema jambo, halafu akasema sawa, atakwenda, kwa kuwa hata hivyo alitaka kuchukua ndizi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mzee amekubali! Nyanchera amerudi na ndizi na habari. Mzee alisema kama kuna kikao na kuna kura, na watu wanahitaji mtu mzima, atakuja. Aliuliza tu kama kuna chai.

Nimefagia chumba. Nimepangusa skrini. Nimeazima kiti chenye mito kwa Mama Prabha, kwa ajili ya Mzee, mbele kabisa. Mimi nitasimama mlangoni, kati ya majokofu na feni, maana chumba ni kidogo na siwezi kukaa tumegusana magoti na baba mkwe. Hotuba nitaitoa pale pale mlangoni. Nimewasha mashine ya zamani, nikamweka mtu wangu juu ya ngome ya Harumel, mbele ya bendera, katika fahari yake yote. Nikafunika skrini kwa shuka safi. Ishan atalifunua nikimpa ishara. Mzee ataona kwa macho yake kitu cha zamani kilichotunzwa vizuri.

Istarlin amenitumia ujumbe. Anataka tuonane kabla ya kikao, ana wazo linaloweza kutufaa pande zote mbili. Ha! Mtu anayeshinda haombi kuonana. Ananusa kushindwa. Sijamjibu. Amepiga simu mara kadhaa, nimeiacha ilie, na nimefurahia mlio wake.

Masese amenipigia kuuliza kesho asubuhi anakula kwa nani. Nimemwambia kwa mara ya kwanza katika maisha yake ale popote anapotaka.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa studio. Nimefunga mlango. Sitaki kuonana na mtu.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mzee alifika amevaa koti la suti, kofia na tai. Wote wakasimama. Masese akavua kofia yake ya pikipiki akaificha mgongoni. Salamu zikaenda kwa adabu, mmoja mmoja, za nyumbani, za mifugo, za chai. Kimya kile! Chumba ambacho kila Jumamosi huwa kelele tupu, leo ungesikia sisimizi akipita. Istarlin alikaa kwenye kona mikono ikiwa mapajani. Nikajisemea: Onsongo, wewe ni jenerali.

Nikatoa hotuba, nimesimama kati ya majokofu. Nikasema kuna vitu vilivyojengwa na waliotutangulia ambavyo si haki kuvitupa. Mzee akatikisa kichwa akikubali. Nikampa Ishan ishara. Ishan akafunua shuka.

Sasa. Katika Velmora ya Tatu, vazi lenye nguvu kuliko yote, ambalo nililipata baada ya kuua joka la mwisho, ni kipande cha ngozi ya joka. Kinafungwa kiunoni. Ni kidogo. Miaka kumi na moja nimekiona kama kinga ya vita. Nimeona nguvu zake, nimeona kinavyozuia moto. Sijawahi, hata siku moja, kukiona kama nguo.

Na mtu wangu nilimpa jina langu. Jina kamili. Liko juu ya kichwa chake kwa herufi za dhahabu: ONSONGO WA NYAMIRA. Nilimpa pia sura yangu, kwa ustadi mkubwa, mpaka na kovu la kidevuni.

Kwa hiyo baba mkwe wangu, mzazi wa Nyanchera, alikaa kwenye kiti cha mito, mbele kabisa, akimtazama mkwe wake akiwa uchi kasoro kitambaa, kwenye skrini kubwa kuliko mlango, mikono kiunoni, upepo ukipeperusha kile kidogo kilichokuwepo.

Mzee akashusha kofia ikafunika macho.

Pedi ilikuwa karibu na goti lake. Nisingeweza kupita mbele yake kuichukua. Nikamwita Masese kwa macho. Masese akatambaa, akaifikia, akabonyeza kitufe. Si kile. Akabonyeza kingine, kile kilicholegea. Mtu wangu akageuka, akatupa mgongo, akaanza ngoma ya ushindi.

Ondieki aligeukia ukutani. Nyangate alisoma maandishi ya katoni ya feni mpaka yakaisha. Mimi niliingia nusu ya mwili ndani ya jokofu la maonyesho. Hatimaye Ishan akang'oa waya.

Mzee akazungumza akiwa bado chini ya kofia. Hakupandisha sauti. Alisema hajaja kutafuta makosa ya mtu. Alisema kitu kama kile hakifai kukaa mahali ambapo watu wana wake, wakwe na watoto. Akauliza kama kile kingine nacho kiko hivyo. Istarlin akamjibu kwa Ekegusii, taratibu, kwamba katika kile kingine watu wamevaa, kuna mvua. Mzee akasema basi wabaki na chenye mvua. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nani awe na neno? Masese alinyoosha mkono. Kaka wawili wakanyoosha. Ondieki akanyoosha. Nyangate, mtu wa msimamo, akanyoosha. Istarlin alinyoosha wa mwisho, polepole, akiangalia sakafu. Mzee akangoja. Walikuwa wakiningoja mimi. Nikatoa mkono kutoka ndani ya jokofu nikaunyoosha.

Kura ya wote kwa pamoja, kama nilivyopanga.

Kabla hajaondoka, Mzee alimwita nje Nyanchera, aliyekuwa amemsindikiza, na kumwambia kwamba mimi nitapeleka blanketi Manga, fidia ya kuvunja chinsoni, jambo lifunikwe, lisizungumzwe tena. Kisha akaomba ile chai.

Jambo la mwisho, na ndilo linaloniuma. Istarlin alinisubiri kwenye veranda. Alisema jana alikuwa amezungumza na Mama Prabha na kumshawishi: mashine ya zamani isiuzwe, ikae juu ya rafu, iwe inashushwa kila mwisho wa mwezi. Mama Prabha alishakubali. Ilibaki tu mimi na yeye tulilete kikaoni kama wazo letu. Ndiyo maana alipiga simu. Lakini baada ya Mzee kusema, angelisema vipi? Alisema Mama Prabha alimsimulia uchunguzi wangu, na kwamba yeye pia alilia alipoiona Harumel imekuwa magofu. Huwa anapita huko kila akicheza, anafukuza wale mbuzi.

Mtu wa Keroka alikuja na pikipiki. Niliona mashine ikifungwa nyuma kwa mpira. Sikuweza kuaga.

Jumapili, 10 Agosti

Manga. Blanketi. Zito, la rangi ya maruni, pande mbili.

Sikuingia ndani. Nilisimama karibu na michai, Nyanchera akalipeleka. Mzee alilipokea, nikasikia akisema ni zuri. Alikuwa anawaeleza majirani habari za kikao cha Nyamira ambapo alitoa uamuzi na watu wote wakakubali, akianza kurefusha. Mara mama mkwe akakohoa jikoni. Akakohoa tu! Mzee akanyamaza katikati ya sentensi. Majirani wakaaga.

Mimi mwenyewe, kule kwenye michai, nilijikuta nimevua kofia. Chinsoni ya mama mkwe ni kitu kingine. Baba mkwe unamwogopa. Mama mkwe hata kivuli chake unakipisha.

Jambo hilo nimelitafakari njia nzima.

Jumapili, 24 Agosti

Sijaandika kwa sababu nimekuwa na kazi nyingi mno ndani ya Velmora ya Tano.

Ni gemu bora kuwahi kutengenezwa. Nimekuwa nikisema hivyo tangu mwanzo. Bata nimewashinda. Brannik ni rafiki wa kweli, na mtu anayekuambia hili ni jiwe anakujali. Harumel ninaijenga upya pamoja na Istarlin, yeye upande wa kisima, mimi upande wa ngome. Tumeweka kibao.

Na sasa hatari! Kuna tetesi kwamba inakuja Velmora ya Sita. Eti hakuna kulima. Eti hakuna farasi. Eti vita vyenyewe ni vya karata. Karata! Masese tayari ameanza kusema huenda si mbaya, na mtu aliyemlisha simjui. Kaka zake Istarlin wanataka kuiona kwanza. Ishan ametamka maneno haya: tutapiga kura.

Safari hii sitabahatisha. Kosa la mara iliyopita nimelichunguza na kulielewa: nilileta mzazi mmoja, tena yule mwepesi. Nani duniani atamsikia mama mkwe wangu amekohoa kisha anyooshe mkono upande mwingine? Nyanchera amekwenda Manga leo asubuhi kumwalika aje aone Tano kwa macho yake. Safari hii hakuniuliza chochote. Alicheka tu, akachukua kikapu.

Nimefagia chumba. Na usalama nimeuzingatia kikamilifu. Mtu wangu mpya amevaa kuanzia kidoleni hadi shingoni, koti, buti, glavu. Jina langu halipo popote. Nimempa jina la baba mkwe, kwa heshima: MANASSEH WA MANGA, herufi za dhahabu, na sura nimeipatia kabisa, mpaka kofia. Mama atafurahi. Mzee wake anaendelea vizuri sana humo ndani. Ana shamba la wimbi, ana kuku, na juzi nimemwozesha malkia wa kusini, msichana mzuri, mrefu, wanakaa pamoja kwenye ngome na wanatarajia mtoto.